Herufi Nene za Mkono na Mahali Pake katika Tangazo

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Amma baad.

Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo wengi wetu tunalifanya bila kulisomea, nalo ni kuchagua herufi za tangazo. Nitazungumzia aina moja tu: ile fonti nene yenye kingo zilizokwaruzwa, iliyotengenezwa ionekane kama imepakwa kwa brashi au imechongwa kwa kisu. Tunaiweka kwenye mabango ya mihadhara, kwenye fulana za safari, kwenye vipeperushi vya futari, hata kwenye picha za WhatsApp za kutangaza msiba. Mimi mwenyewe niliipenda sana, na kosa nililolifanya kwa kuipenda ndilo lililonisukuma kujifunza. Nitaanza na kosa hilo, kisha tutazame historia, halafu tufike kwenye kanuni za kufuata.

1. Bango la futari

Ramadhani iliyopita nilipewa kazi ya kutengeneza bango la futari ya bure kwa wanafunzi wanaoishi kwenye hosteli na vyumba vya kupanga hapa Kawempe. Wengi wetu tunaijua hali hiyo. Fedha za nyumbani huisha kabla ya mwezi, na mtu hufunga akijua kwamba magharibi itamkuta na maji na chapati moja. Ndugu zetu walichanga, chakula kikapatikana, na kilichobaki ni watu kupata habari.

Nilikaa na kompyuta usiku mzima. Nikaandika kila kitu kwa fonti nene ya brashi na kwa herufi kubwa tupu: neno FUTARI, jina la msikiti, njia ya kufika, saa, na namba ya simu ya kujiandikishia. Kwenye kioo lilipendeza. Nikatoa nakala moja, halafu nikaenda kuirudufu kwenye karatasi za njano, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa njia ya bei nafuu. Wino ukatanuka kidogo kila mara. Tukabandika Kalerwe, Bwaise, Kanyanya mpaka karibu na Mpererwe.

Tulipika chakula cha watu themanini. Siku ya kwanza walikuja watu thelathini hivi. Siku ya pili hivyo hivyo. Baadhi yetu tukaanza kusema kwamba pengine haja haikuwa kubwa kama tulivyodhani, na kwamba fedha zilizobaki zipelekwe kwenye jambo jingine. Chakula kilichobaki tuliwagawia majirani.

Siku ya kumi na mbili alikuja ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza, akiletwa na mwenzake. Baada ya swala nilimuuliza kwa nini hakuja mapema, maana chumba chake hakiko mbali na msikiti. Akanijibu kwa upole: "Kaka, mimi nilipiga simu mara tatu. Kila mara anapokea mama mmoja anayeuza mkaa. Mara ya tatu akanionea huruma, akaniambia wengi wamempigia."

Tulikwenda pamoja kulitazama bango. Namba yetu iliishia na 38. Kwenye bango ilisomeka 88, kwa sababu wino ulikuwa umeziba upande wa wazi wa tarakimu 3. Jina la mtaa nalo ulilisoma tu kama ulikuwa unalijua tayari. Ndugu huyu alikuwa amefuturu kwa chai kavu siku kumi na moja, na chakula chake kilikuwa kinapikwa umbali wa kutembea dakika tano.

Sina wa kumlaumu. Mashine ya kurudufu ilifanya kazi yake kama mashine zote. Aliyechagua herufi ni mimi.

2. Somo kutoka kwa mchora mabango

Bwaise kuna mzee mmoja anayeandika vibao vya maduka kwa mkono, na watu humwita Hajji tu. Nilimpelekea bango langu nikamwomba anieleze kosa liko wapi. Hakusema kitu. Alimpa kijana wake alishike, kisha akanivusha barabara mpaka upande wa pili.

"Haya, soma mwanangu."

Nikasoma neno FUTARI. Yaliyofuata sikuyaona.

"Na mimi nimeona hilo hilo," akasema. "Mengine ni matope."

Baadaye alinionyesha anavyofanya kazi. Kwanza hupiga mistari miwili kwa uzi uliopakwa chaki, ili herufi zote zikae sawa juu na chini. Kisha huhesabu maneno na kuamua ni neno gani moja litakuwa kubwa: SALUUNI, MCHELE, FUNDI. Neno hilo hulipaka kwa brashi bapa na rangi ya mafuta, nene, na tundu la ndani ya kila herufi huliacha wazi kabisa. Nafasi kati ya herufi huipima kwa jicho, kwa kuwa A na V zikikaa pamoja zinahitaji kusogezwa, na I mbili zikikaa pamoja zinahitaji kuachana. Akimaliza neno kubwa hubadilisha brashi, na namba ya simu huiandika kwa herufi nyembamba zaidi, zilizosimama, bila mbwembwe. Nilimuuliza kwa nini namba haiandiki kwa mtindo ule ule. Akacheka akasema mteja akipiga simu isifike, atakayerudi kugombana ni mwenye duka.

Hapo nilielewa jambo la msingi la somo hili. Herufi nene ya mkono kazi yake ni kumwita mtu aliye mbali. Akishakaribia, anahitaji herufi ya namna nyingine ya kumweleza.

Sisi Waislamu tulitakiwa tulijue hili kabla ya wengine. Katika kisa cha kuanza kwa adhana, alichokipokea Abu Dawud, aliyeoteshwa maneno ya adhana ni Abdullah bin Zayd (R.A.). Lakini Mtume (S.A.W.) alimwamuru amfundishe Bilal (R.A.) maneno hayo ili Bilal ndiye aadhini, kwa kuwa sauti yake ilikuwa inafika mbali zaidi. Sauti ilichaguliwa kwa kazi yake. Tena adhana ina maneno machache yanayorudiwa. Hakuna anayepanda mnarani kusoma darasa la fiqhi kwa sauti ya adhana. Watu huitwa kwanza, wakishakaa ndipo shekhe anazungumza kwa sauti ya kawaida. Bango langu lilikuwa ni darasa zima lililosomwa kwa mayowe.

3. Historia yetu inasema nini

Mgawanyo huu wa herufi za kuitia na herufi za kusomea umo katika historia ya maandishi ya Kiislamu.

Misahafu mingi ya karne za mwanzo iliandikwa kwa khati tunayoiita Kufi, jina linalotokana na mji wa Kufa nchini Iraq. Ni khati nene, yenye pembe, inayotandaza herufi kwa ulalo, na katika baadhi ya misahafu hiyo ukurasa mmoja una mistari michache tu. Ina haiba kubwa, lakini kwa msomaji wa kawaida ni nzito. Katika karne ya 10 huko Baghdad, Ibn Muqla, aliyekuwa waziri wa Bani Abbas na aliyefariki mwaka 940, aliweka vipimo vya herufi kwa kutumia nukta ya kalamu: alif iwe na urefu wa nukta kadhaa, na herufi nyingine zipimwe kutokana na alif hiyo. Baada yake akaja Ibn al-Bawwab. Msahafu wake alioukamilisha Baghdad mwaka 391 Hijria, sawa na 1000 au 1001 Miladia, umehifadhiwa hadi leo katika maktaba ya Chester Beatty mjini Dublin. Umeandikwa kwa khati ya Naskh, khati laini ya kusomeka.

Tangu hapo Naskh na ndugu zake zikashika nafasi ya matini. Kufi haikutupwa. Ilibaki kwenye kuta za misikiti, kwenye sarafu, na mara nyingi kwenye vichwa vya sura ndani ya misahafu. Kila khati ikapata mahali pake.

Ushahidi wa jambo hili uko hata hapa Afrika Mashariki. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa cha Unguja, kuna maandishi ya Kufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe karibu na mihrabu. Yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Jengo lenyewe lilijengwa upya karne ya 18, lakini maandishi yale yalitunzwa. Ni herufi za mkono, nene, zenye vichwa vilivyochanua kama majani, na zilichongwa ili zionekane na kila anayeingia. Aliyezichonga alijua kwamba haziandiki kitabu.

Tuongeze jambo moja hapa, maana wengi tunachanganya. Kazi ya mkono haimaanishi kazi ya kukwaruza. Misahafu ya Madina iliyojaa kwenye misikiti ya Kampala iliandikwa kwa mkono wa khattati Uthman Taha, kisha ikapigwa chapa na mashine. Ni kazi ya mkono, na hakuna tundu hata moja lililoziba. Ukwaruzaji ni mtindo mmoja tu kati ya mitindo mingi ya mkono.

4. "Fonti ya Kiafrika"

Ndugu mmoja aliponiuliza kwa nini nilichagua fonti ile, nilimjibu kwamba inaonekana ya Kiafrika. Nilipofuatilia nikakuta maneno yangu hayana msingi.

Mwaka 1923 Mjerumani Rudolf Koch alitoa fonti iitwayo Neuland kupitia kiwanda cha Klingspor katika mji wa Offenbach. Ni nene, ya herufi kubwa tupu, na aliichonga moja kwa moja kwenye chuma bila kuichora kwanza, ndiyo maana herufi za ukubwa mmoja zinatofautiana kidogo na za ukubwa mwingine. Koch alikuwa Mkristo mwenye msimamo, na kazi zake nyingi zilikuwa za maandishi ya dini yake. Afrika haikuwamo. Lakini baadaye wachapishaji wa Marekani na Ulaya wakaizoea kwa kila kitu cha Afrika, cha msitu na cha wanyama wakali. Hata nembo ya filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993 ilitumia mtindo huo, na ile ni filamu ya mijusi wa kale waliokwisha kutoweka.

Maana yake ni kwamba mtu wa mbali aliamua kuwa Afrika ni mahali pa kukwaruza, na sisi tukapokea, tukaliweka wazo hilo kwenye mabango yetu wenyewe. Ukitaka kujua Mwafrika wa Kampala anaandikaje, tembea Bombo Road kutoka Wandegeya mpaka Kawempe ukitazama vibao. Utaona mistari iliyopimwa, vivuli vya rangi mbili, na tarakimu zinazosomeka kutoka ndani ya taksi inayokwenda. Hajji wa Bwaise angeona aibu kukuuzia herufi iliyochanika.

Sisemi kwamba fonti hizi ni haramu au kwamba hazina uzuri. Nasema tusizichague kwa sababu ambayo si ya kweli.

5. Kanuni za kufuata

Kutokana na kosa langu na niliyojifunza kwa mzee, nimekusanya mambo saba.

Kwanza, itumie kwa neno moja hadi matatu. Neno la mwito: FUTARI, DAMU, UCHAGUZI, MUHADHARA. Yanayobaki yaandike kwa fonti ya kawaida yenye herufi kubwa na ndogo. Maneno ya herufi kubwa tupu yote hufanana umbo, na jicho huchoka haraka.

Pili, tarehe, saa, mahali na namba ya simu visiguswe na fonti hii kamwe. Angalia hasa 1 na 7, 3 na 8, 5 na 6. Namba iandike kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu ili msomaji asipotee.

Tatu, ikuze. Kingo zilizokwaruzwa zinahitaji ukubwa. Zikiwa ndogo huonekana kama uchafu wa mashine, na zikirudufiwa au zikitumwa kwa WhatsApp mara kadhaa, matundu ya A, B, E na R huanza kuziba. Kabla ya kuchapa nakala mia, chapa moja, irudufu, ibandike ukutani, urudi nyuma hatua ishirini.

Nne, jaribu herufi zote unazohitaji. Fonti nyingi za bure za namna hii zimetengenezwa kwa Kiingereza tu. Andika neno la Luganda kama eŋŋoma, na mara nyingi herufi ŋ itageuka kisanduku, au itaazimwa kutoka fonti nyingine ikaonekana kama mgeni. Tazama pia herufi zinazorudiwa. Katika neno kama BARAKA, A tatu zenye mkwaruzo ule ule mahali pale pale zinamwonyesha msomaji kwamba mkono haukuwapo. Fonti nzuri huwa na maumbo mawili au matatu ya herufi moja.

Tano, usilazimishe Kiarabu. Herufi za Kiarabu huungana, na nyingi zina maumbo manne kufuatana na mahali zilipo katika neno. Programu isiyoelewa hilo huzitenganisha na kuzipanga kutoka kushoto kwenda kulia, na neno tukufu likawa mabaki yasiyosomeka. Ukiandika jina la Allah au aya, mwite anayesoma Kiarabu alihakiki kabla ya kuchapa.

Sita, fikiri bango litaishia wapi. Hapa Bwaise mvua kubwa ikinyesha, karatasi za ukutani huingia mitaroni. Ni bora kutaja jina la sura na namba ya aya, msomaji akaisome kwenye msahafu, kuliko kuiandika aya yenyewe kwenye karatasi ambayo kesho itakanyagwa.

Saba, heshimu haki ya aliyeitengeneza. Fonti nyingi zilizoandikwa kuwa ni za bure ni za matumizi binafsi tu, si za kuchapia fulana za kuuza. Chuo cha Kimataifa cha Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Kuwait, Disemba 1988, kilipitisha kwamba haki za utunzi na ubunifu ni haki zinazolindwa kisheria na haijuzu kuzivamia. Soma leseni. Ziko fonti nyingi chini ya leseni huria ya SIL ambazo unaweza kuzitumia hata kwa kazi za biashara, bila kuiba.

6. Hitimisho

Katika Hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aws (R.A.) na kuwekwa na Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) anatufundisha kwamba Allah ameandika ihsani katika kila jambo, na mfano alioutoa ni wa kuchinja na kunoa kisu. Jambo linaloonekana la mikono tu limeingizwa katika dini, kwa sababu kuna kiumbe anayeumia likifanywa ovyo. Mimi nilidhani herufi ni mapambo. Nilipoketi na ndugu yule akila wali na maharage siku ya kumi na mbili, nilielewa kwamba nilikuwa na amana ya chakula chake nikaiweka mahali asipoweza kuifikia.

Tulitengeneza bango jipya usiku ule ule. Neno FUTARI nililiacha kwa herufi nene za brashi, kubwa kuliko mwanzo. Mengine yote niliyaandika kwa herufi za kawaida, na namba nikaihakiki na watu watatu. Wiki ya mwisho ya Ramadhani tulikosa sahani. Yule mama wa mkaa tulimpigia simu kumwomba radhi, naye akatuuliza kama wale vijana walipata chakula.

Maswali ya halaqa

1. Chukua tangazo moja lililobandikwa karibu na unapoishi. Litazame kutoka ng'ambo ya barabara. Umesoma nini, na ulichokosa kusoma kina umuhimu gani?
2. Taja tofauti ya kazi ya adhana na kazi ya darasa, kisha igawe matini ya tangazo la jumuiya yetu kufuatana na tofauti hiyo.
3. Kwa nini Kufi ilibaki kwenye kuta na vichwa vya sura baada ya Naskh kushika matini?
4. Fungua fonti unayoipenda, uandike namba yako ya simu, neno la Luganda lenye ŋ, na neno BARAKA. Mpe mwenzako asome bila kumsaidia.

Allah (S.W.) atukubalie amali zetu, atusamehe makosa yetu, na atujaalie kuwa wenye kutimiza amana kubwa na ndogo. Amin.

Wabillahi tawfiq.